Raba ya Bi Godelieve

Katika duka lake mjini Brussels, mthamini wa vitabu vya katuni hukilaza kila kitabu kifudifudi kwanza, kwa maana umri wake husomwa kwenye jalada la nyuma. Kisha hupapasa kurasa kama daktari atafutaye mshipa. Bi Godelieve, mjane aliyetaka kujua thamani ya vitabu vya marehemu mumewe, alimwona akiuinamisha ukurasa wa kwanza kuelekea dirishani.

“Mama, hapa palikuwa na nini?”

“Michoro ya penseli tu. Nimeifuta, kipendeze.”

“Alama zake bado zinaonekana. Mchoraji wa kitabu ndiye aliyemchorea mumeo kwa mkono wake! Umefuta thamani yote. Vipo vingine?”

“Vipo nyumbani. Dada yangu anaendelea kuvisafisha.”

Mthamini, ambaye hajawahi kumharakisha mteja, akamsukumia simu. “Mpigie! Aiweke raba chini!”