Video Safi ya New Site

Nichekeni tu, mimi bado jasho halijanikauka.

Kazi yangu ni kurusha droni hapa Juba. Kanisa letu la New Site liliniomba video ya kuonyesha mtaa mzima kutoka juu, lakini ya kwanza ilitoka na ukungu, tena inatikisika. Mchungaji wetu, aliyekulia Uganda, hakunificha: "Mwanangu, hii iko mbaya. Watu iko kama mchele. Rudia."

Nikarudia. Nilirusha asubuhi kabla vumbi halijaamka, nikaishusha droni, nikaizungusha polepole kama mtu aliyebeba maji kichwani. Nilipoikagua video nilitafuta mtikisiko tu, kilichomo sikukitazama.

Jumapili ikaonyeshwa ukutani kanisani. Vibanda vikapita, watu wakashangilia. Ndipo nikaona picha inaelekea nyumbani kwetu. Viti vya kanisa nilivyoazima kwa matanga ya shangazi vilikuwa bado uani. Na mbele ya waumini hao hao niliapa kwamba nilivirudisha, hata nikasaidia kuvitafuta!

Niliomba ipite upesi, lakini ni mimi niliyeipunguza mwendo. Mama akaonekana ameketi, anaipungia droni mkono.

"Simamisha hapo," Mchungaji akasema. "Kuza kidogo."

Nikakuza. Jina la kanisa, lililopakwa rangi nyeupe mgongoni mwa kila kiti, lilisomeka vizuri hadi kwa wale waliosimama nyuma kwa kukosa viti.