Ukuta Niliouvalisha Rangi ya Bonane

Nakumbuka vizuri ile asubuhi, Bonane imekaribia, mutaa wetu wa Kadutu wote unanuka rangi. Kwetu, mwanangu, mwaka mupya hauingii katika nyumba chafu. Na nyumba yetu ilichimbwa ndani ya mulima. Ukuta wa nyuma, ule wa chumba cha mama, uliegemea udongo. Chini ulikuwa na doa jeusi, unanuka kama gunia lililolowa.

Papa Bahati, mwashi mmoja muzee wa mutaa wa Kasha niliyemuita auangalie, hakuugusa na nyundo. Alibandika kipande cha plastiki ukutani, akaziba pembe zote, akaenda zake. Kesho yake akanionyesha: juu ya plastiki, upande wa chumba, kukavu; chini yake, upande wa ukuta, maji inatiririka.

"Ingekuwa juu, ningesema ni mvuke wa sufuria zenu," akasema. "Hii ni mulima ndio unakojoa. Chimba mufereji nyuma ya ukuta, ujaze mawe, maji ipate njia. Bomoa hii simenti iliyopigwa ukutani, ukuta upumue mpaka kiangazi. Kisha upake chokaa."

"Papa, wageni wanakuja Bonane."

"Basi wageni ndio watalala humo?"

Nilicheka. Nikapiga simenti mupya, na juu yake rangi ya mafuta, ya bluu. Mama akapiga vigelegele, akasema sasa analala kama bibi ya gavana.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, mwanangu, niliziba vizuri sana. Maji ikakosa pa kutokea, ikapanda. Kufika Pasaka rangi imetoa malengelenge, na mama anakohoa ameegemea ukuta uleule, ananiambia ni baridi tu, nisihangaike. Tulimupeleka hospitali. Hakurudi. Daktari hakusema ni ukuta. Na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Ule mufereji niliuchimba baada ya matanga. Kazi ya siku tatu tu, mwanangu. Siku tatu. Leo chumba kimekauka, na hakuna anayelala mule.

Kwa hiyo ukiona doa, usiulize kwanza utapaka rangi gani. Uliza maji inatoka wapi. Uifungulie njia, uvumilie ukuta ukauke, hata wageni wakicheka. Na mbele ya yote, kitanda cha mzazi wako ukihamishe siku ileile. Hata hilo dogo sikulifanya.

Mungu akupe ukuta mukavu, mwanangu, na mama wa kukuita kutoka ndani.