Msumari wa Katikati

Sioni haya kujisifu: darasa la sita la fizikia ni langu, na nililitetea kwa misumari mitatu ya papa, baba yangu.

Papa ni seremala kule Tshopo. Meza yenye umbo la yai anaichora hivi: anapigilia misumari miwili kwenye ubao, anaizungushia uzi uliofungwa ncha kwa ncha, anaukaza kwa chaki na kuzunguka nao. Akimaliza anang'oa yote miwili. Msumari ukisahaulika kwenye ubao unaharibu makali ya randa, na kwa hilo papa hamsamehi mtu, hata mimi.

Mwaka ule mkuu wa shule aliniambia waziwazi kwamba mkaguzi asiporidhika na somo langu, darasa litapewa mwanaume. Nilikasirika, nikachagua somo gumu kuliko yote: nyota mbili zinazozungukana, na mahali zinapokaribiana kuliko popote, périastre kwa Kifaransa. Papa alinibebea ubao kwa baiskeli mpaka darasani, akakaa benchi la nyuma.

Nikachora yai moja. Kwenye kila msumari nikaandika nyota. Mkaguzi akainua kichwa.

"Bon, Madame. Kama nyota zote mbili iko kwa misumari, ni nani iko anatembea kwa mustari?"

Wanafunzi wakacheka. Kosa lilikuwa langu: niliona misumari miwili, nikadhani ni nyota mbili.

"Papa," nikasema, "unipe musumari ingine."

Akautoa mfukoni bila kuuliza. Nikaupigilia upande wa pili wa msumari wa kushoto, kwa umbali uleule, nikahamisha uzi na kuchora yai la pili likiingiliana na la kwanza. Sasa mayai yote mawili yalikuwa na msumari mmoja wa pamoja, ule wa katikati. Nikaita wasichana wawili, kila mmoja akaweka kidole kwenye yai lake, msumari ukiwa kati yao siku zote.

"Mkiwa mbali nendeni polepole. Mkiukaribia, kimbieni."

Wakazunguka. Vidole vikaja vikipishana mbio kandokando ya msumari.

"Hapa!" nilipaza sauti. "Hapa ndipo zinapokaribiana! Na msumari huu hauna nyota. Ni mahali uzito wa zote mbili unaposawazika."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, kisha akafunga daftari. "Madame, darasa ibaki yako."

Nilimtazama mkuu wa shule usoni mpaka akainamisha macho. Raha niliyoisikia siku ile bado ninayo.

Tuliporudi, papa alichukua koleo akang'oa misumari ya pembeni. Wa katikati akauruka. Nikamkumbusha.

"Iache, mutoto yangu," alisema. "Hii ubao, randa haitapita tena juu yake."