Mwendo wa Levina

Ukitaka matobolwa matamu sokoni Tabora, mtu yeyote atakuelekeza kwa Levina wa Kwihara. Viazi anavichemsha, anavikata na kuvianika mwenyewe, na ole wako umwambie vya mwenzake ni vitamu zaidi. Ni Mnyamwezi, mjane, mwanakwaya, na mkaidi kupita punda. Nasema hivyo nikimpenda, maana meza yangu ya karanga imepakana na yake.

Upande wake wa pili anakaa Siwema, Mzaramo aliyeletwa huku na ndoa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pwani, kwa hiyo wawili hao hutukanana kutwa na hakuna anayenuna. Na kazi kubwa ya mtani ipo msibani: ndiye huvaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, mpaka wafiwa wacheke.

Levina alipogusa uvimbe kwenye titi la kushoto, hakumwambia mtu. Haukuuma, na kwetu kisichouma si ugonjwa. Tena titi si goti. Utaanzaje kumfunulia daktari wa umri wa mwanao? Akasema moyoni, ngoja Pasaka ipite, kwaya ina nyimbo mpya. Pasaka ikapita. Akasema, ngoja nianike viazi. Haya alitusimulia baadaye. Wakati ule tuliona tu khanga imefungwa juu zaidi.

Siwema aliona zaidi. Asubuhi moja alijitwika ungo wa Levina, akabana mkono wa kushoto ubavuni, akapita katikati ya meza akienda upande upande, huku akiitikia "marahaba" kwa sauti ya Levina. Tulicheka sote. Levina mwenyewe alicheka mpaka akashika meza.

"Ndivyo ninavyotembea, we Mzaramo?"

"Ndivyo unavyotembea tangu Pasaka." Siwema hakuwa anacheka. "Nafanya mazoezi, mtani. Nisije nikaaibika kwenye msiba wako."

Kicheko kikakatika. Nilikasirika, nikataka kumwambia hata utani una mpaka. Lakini Levina alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe, nao umebanwa vilevile. Akamvuta Siwema nyuma ya magunia yangu, akafungua khanga. Kisha nikamsikia Siwema akisema taratibu, "Twende, mama. Leo hii." Hakuwa amewahi kumwita mama.

Walikwenda hospitali, wakaelekezwa Mwanza. Ilikuwa saratani, nayo ilishafika kwapani. Daktari, mwanamke mpole, alisema angekuja mapema, kazi ingekuwa nyepesi. Titi likaondolewa, zikafuata dawa za mshipani, nywele zikaisha. Siwema ndiye aliyemuuzia matobolwa yake sokoni, vibaya sana, na Levina alilalamika kwa simu kila jioni.

Mwezi uliopita alirudi mezani pake, amekonda, kitambaa kichwani. Madaktari hawajamwahidi kitu zaidi ya tarehe ya kurudi. Tulimzunguka. Yeye akamgeukia mtani wake.

"Haya, niigize basi."

Siwema akajitwika ungo, akapiga hatua moja, akautua. Machozi yalikuwa yanamtoka, yeye ambaye misibani huchekesha watu wazima.

"Mwendo huu mpya sijaujua bado," akasema. "Nipe miaka, mtani."