Waache Waje Wenyewe

Kanuni ya Clifford Sugden ilikuwa hii: bwawa la wanyama wa porini haliletewi kitu. Unachimba, unatandika, unangoja mvua ijaze, kisha unakaa kando. Konokono watakuja wamenata kwenye miguu ya ndege, kereng'ende watakuja kwa mbawa zao, na chura atakuja kwa hiari yake. Anayebeba mayai ya chura kwa ndoo kutoka bwawa la mwenzake hubeba na maradhi ya bwawa hilo. Clifford aliisoma kanuni hiyo katika kijitabu cha chama cha wapenda bustani, akaipokea kama alivyozipokea kanuni zote maishani mwake, nzima nzima, bila kuachia mwanya.

Kazi yake ndiyo iliyomlea hivyo. Kwa muda wote wa utu uzima wake alikuwa mtu wa ishara za reli, peke yake katika kibanda cha mbao kilichoinuka juu ya njia, kwenye bonde moja la Yorkshire ambako mvua huja kutoka upande wowote inaoupenda. Treni haikuruhusiwa kuingia mpaka iliyotangulia iwe imetoka. Kabla ya treni kulikuwa na kengele, na Clifford alijibu kengele. Hakuwahi kuita treni. Hakuna mtu aliyeumia katika kipande chake cha reli, na jambo hilo alijivunia kwa haki.

Lakini binadamu si treni, na Clifford hakupata kujifunza tofauti kwa sababu mkewe, Pauline, alimfanyia kazi hiyo. Pauline ndiye aliyebisha hodi kwa watu, aliyekumbuka nani anaumwa goti na nani amepata mjukuu. Clifford alikuwa na marafiki kwa mgongo wa mkewe, kama mtu anayeota moto wa jirani. Pauline alipofariki, watu walikuja, wakala mikate ya nyama baridi wamesimama, wakamwambia kwamba akihitaji lolote aseme tu. Hakusema. Nao, kwa adabu ya mtaa ule, hawakuuliza. Akabaki na binti yake Gillian, aliyeishi Bristol na kupiga simu kila Jumapili kuuliza kama baba anakula. Anakula, alijibu Clifford, na hapo mazungumzo yakawa yameisha, ingawa wote wawili walikaa kidogo na simu masikioni.

Ndipo akaamua kuchimba bwawa. Kwa Gillian alisema ni kwa ajili ya viumbe, kwamba nchi nzima imefukia madimbwi yake na vyura hawana pa kwenda. Hilo lilikuwa kweli. Alichokitaka hasa, na hakukisema hata mwenyewe moyoni, kilikuwa kitu chochote chenye uhai kipite langoni kwake.

Alichagua katikati ya uwanja wa nyasi, zile nyasi alizokuwa amezikata kwa mistari iliyonyooka kwa miaka. Alipokwisha kuzing'oa mapande na kuanza kuzama na sepetu, kichwa kilitokea juu ya uzio. Kilikuwa cha Thelma Hinchliffe, jirani, mjane, aliyekuwa msusi mjini hadi vidole vilipomkatalia. Thelma alilitazama shimo, akamtazama Clifford.

"Unamzika nani, Clifford?"

"Simziki mtu. Ni bwawa."

"Afadhali. Nilikuwa nawaza nitavaa nini."

Clifford hakucheka papo hapo. Alicheka jioni, akiosha sahani yake moja.

Tangu siku ile kichwa cha Thelma kilitokea kila asubuhi. Yeye mwenyewe alikuwa na bwawa, la zamani, lililochimbwa na marehemu mumewe bila kijitabu chochote. Halikuwa na mpango. Pembeni yake palikuwa na sanamu ya bustani, mbilikimo wa plasta mwenye ndoano ya kuvulia samaki, pua imebanduka, na vyura walijaa humo mpaka wakakalia buti za Thelma alizoziacha nje. Clifford alilipitishia macho bwawa lile kama mwalimu anavyoutazama mwandiko mbaya wa mtoto mwenye afya. Lake alilichimba kwa ngazi, upande mmoja kina, upande mwingine ufuko wa kokoto ulioteremka pole pole, ili kalunguyeye akitumbukia aweze kujitoa. Alitoa kila jiwe lenye ncha, akatandika zulia kuukuu la sebuleni, juu yake mpira mweusi mzito, kingo akazifunika kwa nyasi. Kisha akangoja mvua.

Mvua, ambayo haijapata kumkosa mtu yeyote wa bonde lile, mwaka huo ilikataa. Bwawa lilikaa kavu, jeusi, kama sufuria iliyosahaulika. Thelma alipitisha mpira wa maji juu ya uzio na kumwambia ajaze, amalize aibu. Clifford alimweleza kwamba maji ya bomba yana dawa na huleta ukoga.

"Yorkshire nzima imeomba mvua ikome tangu enzi za Warumi," alisema Thelma, "na wewe peke yako unaiomba ije. Huko juu watakusikia wewe kweli?"

Ilikuja. Clifford alisimama nje chini ya mwavuli akitazama maji yakipanda, na Thelma, dirishani pa jikoni kwake, alimwinulia kikombe cha chai. Ilikuwa saa njema kuliko zote alizokuwa nazo tangu mazishi.

Hapo ndipo palipohitajika neno moja. Katika mtaa ule watu huzungumza juu ya uzio miaka na mikaka, hupungiana mikono, hulishiana paka wakati wa safari; lakini kupita lango la mwenzako na kukaa ni jambo jingine, na mtu halifanyi mpaka aambiwe karibu. Clifford alilijua hilo. Alinunua benchi la watu wawili, akaliweka kando ya maji, upande unaopata jua. Alianza kunyoa ndevu kabla ya kutoka bustanini. Kila asubuhi Thelma aliegemea uzio akiusumbua mgongo wake, naye Clifford alikaa kwenye ncha moja ya benchi, nafasi iliyobaki ikiwa wazi kabisa, wala hakumwambia njoo ukae. Alijiambia kwamba akipenda atakuja. Kumwalika mtu aliona ni kumbana. Hiyo ni heshima, alifikiri. Si kila woga unaovaa nguo za heshima hutambuliwa na mwenyewe.

Mwaka uliofuata viumbe walianza kufika. Wadudu watembeao juu ya maji, mbawakawa wa majini, ndege weusi waliooga kwenye ufuko kwa fujo. Vyura hawakuja. Upande wa pili wa uzio, katika maji ya yule mbilikimo, mayai yao yalilala mafungu mafungu kama uji wa sago. Clifford aliyaona kila alipojinyoosha, na kila alipouliza kwa nini hawavuki, Thelma alimwonyesha kwa kidole. Chini ya uzio ule, siku za Pauline, Clifford mwenyewe alikuwa amezika vipande vya zege mwanzo hadi mwisho, ili mbao zisioze.

"Umewajengea ukuta, jirani. Watapita wapi?"

Clifford alijibu kwamba wangeweza kuzunguka kwa njia ya barabarani.

"Wazunguke na nini? Vyura wangu hawana kadi ya wazee ya kupanda basi bure."

Alicheka, na Clifford akatabasamu, na vipande vya zege vikabaki. Uzio ulikuwa mzima. Hakuona sababu ya kuvunja kitu kizima.

Asubuhi moja ya Machi kengele ya mlango wa mbele ililia. Clifford alifungua akamkuta Thelma kwenye ngazi. Hakuwa amepita hapo tangu jeneza la Pauline lilipotolewa. Alikuwa amevaa koti la buluu, lile alilovaa kwenye harusi ya mpwa wake, na midomo ameipaka rangi. Mkononi alishika ndoo iliyofunikwa taulo.

"Nimekuletea wageni," alisema. "Mabubu, hawali sana."

Clifford alifunua taulo. Yalikuwa mayai ya chura, yamejaa ndoo, yakitikisika. Mtu mwingine yeyote angelitazama koti. Clifford aliitazama ndoo.

"Siwezi kuyapokea, Thelma."

"Huwezi vipi? Mwaka mzima unalia vyura."

"Hayahamishwi. Kuna ugonjwa unaotembea na maji, unawamaliza. Inatakiwa waje wenyewe."

"Kwa hiyo bwawa langu lina ugonjwa."

"Sijasema hivyo. Nasema ni kanuni."

"Clifford, ni hapo tu. Naweza kukutemea mate kutoka jikoni kwangu."

"Kanuni haisemi umbali."

Alikuwa mkweli. Watu waliosoma mambo ya vyura wangemuunga mkono, na huko ndiko kulikokuwa na hatari yake, kwa sababu mtu akiwa na haki katika jambo dogo hulala usingizi katika lile kubwa. Thelma alimtazama kama anayengoja sentensi nyingine. Birika la umeme lilikuwa limechemka jikoni. Wote wawili walilisikia likijizima. Clifford alimrudishia taulo, amelikunja vizuri, akamshukuru kwa wema wake. Thelma akasema haya basi, akashuka ngazi akiinama upande mmoja kwa uzito wa ndoo.

Hawakugombana. Laiti wangegombana. Thelma aliendelea kusema habari za asubuhi, na kwamba kuna baridi, na kwamba kutakuwa na jua mchana. Kisha akawa anatoka mapema zaidi kuanika nguo, kabla Clifford hajamaliza kunyoa. Clifford aliona. Alikaa kwenye benchi akangoja ipite. Aliamini kwamba ukimwacha mtu bila kumsumbua hurudi mwenyewe, na majira yote ya joto alimwacha Thelma bila kumsumbua.

Majani yalipoanza kudondoka, kibao cha dalali kusema nyumba imepata mnunuzi kilisimikwa mbele ya nyumba ya Thelma. Clifford alikisoma kutoka dirishani, akavaa viatu, akaenda kubisha hodi kwake, mara ya kwanza maishani. Sebuleni masanduku yalikwisha kufungwa kwa kamba. Thelma alimwambia anahamia Scarborough kwa dada yake Avril, ambaye amekuwa akigombana naye tangu utotoni, lakini angalau watagombana mezani. Wanunuzi walikuwa vijana wenye magari. Bustani wataifukia watandaze mawe, wapate pa kuegesha.

"Hukuniambia," alisema Clifford.

"Hukuuliza."

"Nilidhani ukitaka kuja utakuja."

Thelma aliweka chini kamba aliyokuwa ameishika. "Nilikuja, Clifford. Nilivaa koti langu la harusi nikaja mpaka mlangoni kwako. Ulifikiri nilikuwa nahangaikia vyura? Mwanamke wa umri wangu hawezi kubisha hodi mikono mitupu akasema nimechoka kula peke yangu. Nilibeba ndoo kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho."

Clifford alisimama. Neno lilikuwa mdomoni mwake, fupi, halihitaji elimu: baki. Mkataba wa nyumba ulikuwa bado haujatiwa sahihi. Thelma alikuwa bado anamtazama, na hakuwa ameiokota kamba. Lakini kumwambia mtu mzima abaki ni kumvuta, na Clifford hakuwahi kumvuta mtu. Akauliza lori la mizigo linakuja siku gani.

"Alhamisi," alisema Thelma, akaiokota kamba.

Alasiri ile ile Clifford alichukua mtaimbo akang'oa kipande kimoja cha zege chini ya uzio. Kilimchukua mpaka giza, na mikono ilimvuja damu. Alhamisi alisaidia kubeba viti. Thelma alimpa mkono, akamwambia asiache kula mboga.

Vyura walivuka kabla ya wale vijana kuleta mawe yao. Februari, sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ikiwa bado imeshika nyasi, Clifford alitoka akawasikia kabla ya kuwaona, wakikoroma majini kama wazee kanisani. Walikuwa wengi, wazima, wala ugonjwa haukuonekana kwao mwaka ule wala miaka iliyofuata. Alisimama kwenye ufuko wa kokoto akageukia uzio amwambie mtu, na juu ya uzio palikuwa na paa la gari la wale vijana.

Kanuni yake ilikuwa sahihi, na hakuivunja. Aliishi katika nyumba ile miaka mingi zaidi, na waliopita lango lake walikuwa mtu wa posta, msoma mita, na Gillian wakati wa Pasaka. Kanuni hiyo ilimgharimu mtu ambaye angekula naye, mtu aliyekuwa amekwisha kufika mlangoni.