Shimo Fupi Kando ya Ukuta

Usiku ule Netta Gilchrist hakulala, wala hakujaribu kulala. Alikaa jikoni ubavuni mwa jiko, shali mabegani, akisikiliza. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka tangu jioni, na ikishaacha, Corriemuir hunyamaza hata ukamsikia kondoo akikohoa ng'ambo ya kijito. Alichotaka kusikia ni njuga za farasi wa Archie Pullar zikipanda kutoka bondeni.

Mchana wa siku hiyo Archie alimlaza Wynne, mwanawe Netta, kwenye sleji, lile gari la mbao lisilo na magurudumu, akamfunika ngozi za kondoo hadi puani, akashuka naye kuelekea hospitali ya mji wa chini. Dougal, baba wa mtoto, alitangulia na koleo kufungua njia. Netta alibaki, kwa kuwa farasi asingewaweza wote na ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa.

Wynne alikuwa na miaka tisa, na kifua chake hakikuwa kizima tangu azaliwe. Lakini kichomi cha safari hii hakikusikia mvuke wa majani ya mkaratusi wala vitambaa vya moto. Midomo ya mtoto iligeuka rangi ya samawati. Hapo Netta akamkabidhi kwa Archie, na hilo ndilo lililomkaa rohoni kuliko baridi yote ya nje: mtu aliyembeba mwanawe ndiye aliyemchimbia kaburi.

Babu za wanakijiji waliletwa Corriemuir na dhahabu. Walipanda mpaka huku juu ya nyanda za Otago, kusini kabisa mwa dunia, na sururu zao, wakajenga hoteli tatu na kanisa moja. Dhahabu ilipokwisha, wengi walishuka zao. Waliobaki walifuga kondoo, na hoteli zikageuka maghala ya majani makavu. Huko pwani watu husema Julai ni mwezi wa baridi. Huku juu Julai haina haja ya kusemwa. Maziwa huganda ndooni kabla hujafika mlangoni, na nguo zilizoanikwa huingizwa ndani zimesimama kama watu.

Na ardhi nayo huganda. Ukiipiga sururu, inaruka kana kwamba umegonga reli. Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa tano, kabla jalidi haijaingia chini, Archie huchimba kaburi moja na kulifunika kwa mbao na nyasi. Hakuna anayeuliza ni la nani. Kila mtu ana jina lake kichwani, na adabu ni kulinyamazia. Likifika mwezi wa Septemba halijapata mtu, wanaume hulifukia, kisha huenda kunywa bia bila kusema wanashangilia nini.

Netta alizaliwa humohumo. Shule aliiacha darasa la nne, akapelekwa pwani kufanya kazi za ndani kwenye nyumba ya daktari, akarudi mwanamke mzima, akaolewa na Dougal mtega sungura. Mtoto alichelewa. Watu walikuwa wameshaacha kumuuliza ndipo Wynne alipokuja, mdogo, akipumua kwa mluzi. Tangu siku hiyo Netta aliishi akiangalia. Aliangalia duara la mwezi, aliangalia kondoo wanashuka mapema au la, aliangalia kucha za mwanawe. Alijua theluji itaanguka kabla mbwa hawajajua. Dukani walimtania: "Netta, wewe Mungu alikukusudia uwe mbwa wa kondoo, akasahau mkia."

Naye alicheka pamoja nao, macho yako dirishani.

Mwezi wa tano mwaka ule, alipita makaburini na ndoo yake ya maziwa akamkuta Archie ndani ya shimo, udongo umefika kiunoni. Kando ya ukuta wa mawe palikuwa na shimo jingine, limeshamalizwa. Lilikuwa fupi.

"La pili hilo, Archie?" aliuliza.

Archie alivuta kofia yake chini. "Udongo bado laini, Netta. Natumia nafasi."

Katika kijiji kizima mtoto mgonjwa alikuwa mmoja. Netta alifika nyumbani akaona maziwa yamemwagikia viatu, asijue yalimwagika saa ngapi.

Kuanzia hapo hakumsalimia tena Archie Pullar. Akimkuta dukani, hugeuka na kusoma maandishi ya sabuni. Bi Hester, mkewe Archie, alileta jamu ya matunda. Netta aliipokea kizingitini na hakumkaribisha ndani.

"Umegombana nini na wale watu?" Dougal alimuuliza.

"Nenda katazame kando ya ukuta."

"Mke wangu, yule mtu anachimba mashimo. Ndiyo kazi yake."

"Lina urefu wa Wynne."

Dougal aliendelea kuchuna sungura wake. Hakubisha, na Netta akajua kwamba na yeye alishakwenda kutazama.

Hata mchana ule, Archie aliposimama mlangoni kofia mkononi, Netta alikuwa amemkumbatia mtoto hamwachii.

"Nipe mtoto, Netta."

"Ulishamwekea mahali pake. Unamtakia nini tena?"

Uso wa Archie ulibadilika kama mtu aliyepigwa kofi. Lakini alinyoosha mikono. "Nitukane nikirudi. Nitasimama unitukane mpaka uchoke. Sasa nipe, giza halitungoji."

Akampa.

Sasa usiku ulikuwa umekwenda sana, na kilichokuja hakikuwa njuga. Ilikuwa taa, ikiyumba juu ya theluji, na nyuma yake Bi Hester Pullar, amevaa suruali ya mumewe, amebeba sufuria iliyofungwa kwa taulo. Aliingia bila kubisha hodi.

"Sikukuita, Bi Hester."

"Najua. Ungeniita ningeogopa, ningesema Netta amepandwa na homa." Aliweka sufuria juu ya jiko. "Mchuzi wa kondoo na shayiri. Usipokula wewe nitakula mimi, nimetembea."

Alikaa. Makaa yalishuka ndani ya jiko. Netta alijizuia, kisha akashindwa.

"Mumeo alimpima kwa macho, au alikuja na kamba tukiwa tumelala?"

"Kumpima nani?"

"Mwanangu! Kwa lile kaburi!"

Bi Hester alimgeukia. Akavua glavu zake, moja, halafu ya pili, akaziweka magotini.

"Umeliona mwaka huu tu?"

"Limekuwapo mwaka huu tu."

"Lipo kila mwaka, Netta. Huwa ameshalifunika kwa nyasi kabla mtu hajapita kando ya ukuta." Alizigeuza glavu magotini. "Mwaka wa theluji kubwa ulikuwa bado pwani. Kondoo walikufa wamesimama. Na sisi tukampoteza Ewan wetu. Miaka sita. Kaburi lililochimbwa lilikuwa limeshapata mtu wake, na ardhi ikawa chuma. Archie alivunja sururu mbili pale. Mbili. Watu wakamwondoa kwa nguvu, mikono inamtoka damu."

"Mkafanyaje?"

"Tukamweka kwenye kibanda cha maziwa, juu ya meza, mpaka ardhi ikalegea. Kila asubuhi nilikwenda kuchukua siagi. Nikiingia namsalimia. Nikitoka namwambia, mama anarudi." Alipangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Tangu hapo Archie huanza na lile fupi. La wakubwa baadaye. Hajaniambia ni la nani na mimi sijamuuliza. Septemba hulifukia mwenyewe, hataki mtu mwingine aguse koleo."

"Limewahi kutumika?"

Bi Hester angeweza kudanganya. Netta alimwona akilifikiria hilo.

"Mara moja. Mtoto wa mwalimu aliyekuwapo kabla hujarudi kutoka pwani. Alizikwa kesho yake, mchana, watu wote wamesimama."

Netta aliinuka, akamimina mchuzi bakuli mbili. Hofu haikumpungua. Miezi yote ile alikuwa na mtu wa kumchukia, na chuki ilimpa kazi ya kufanya. Sasa shimo lile halikuwa na jina la mtu, na kwa hiyo lilikuwa wazi kwa yeyote. Walikula. Baadaye Bi Hester alimshika mkono, naye hakuuondoa.

Njuga zilisikika kukipambazuka.

Netta alifika dirishani kwanza. Archie alikuwa peke yake, akimwongoza farasi, amepinda mgongo. Dougal hayupo. Na juu ya sleji palikuwa na kitu kimelala, si kirefu, kimefunikwa ngozi za kondoo mwanzo hadi mwisho.

"Ondoka hapo," alisema Bi Hester. "Netta, ondoka dirishani."

Yeye ambaye hakuna kilichompita maisha yake yote, safari hii aligeuza uso ukutani. Alisikia farasi akisimama. Alisikia kimya. Kisha, kutoka getini, sauti ya Archie, kali, imekwaruza, ya mtu ambaye ndipo tu ameinua macho akatambua kinachoonekana kutoka ndani.

"Ni unga! Netta! Ni unga huo, magunia ya dukani!"

Netta aligeuka kutoka ukutani.

"Yuko hai! Wamemtoa maji kifuani, analala! Dougal yuko naye! Unanisikia?" Sasa alikuwa akikimbia, buti zikizama. "Amemwambia nesi uji wake una mabonge!"

Netta alikuwa ameshafika mlangoni, lakini jalidi ya usiku ilikuwa imeugandisha kwenye fremu. Archie alisukuma kwa bega kutoka nje. Netta alivuta kwa mikono miwili, na Bi Hester akamshika kiuno akavuta naye.

"Ngoja nilete shoka," alisema Archie nje.

"Usiende popote!" alisema Netta. "Sukuma!"

Mlango ukafunguka, theluji ikaangukia sakafuni, na Archie Pullar akaingia nayo.