Pindo la Saruni

Fundi cherehani wa soko la mpakani hushona sikio likiwa redioni. Tangu vita vianze, akina mama humletea saruni walizozivaa. Yeye hukata ukanda kwenye pindo na kuushonea ndani ya shati la mtoto anayekwenda jeshini, umkinge na risasi.

"Wako nimkatie ukanda mpana, shoga, maana ni mnene," huwatania.

"Hivi wanagombania nini?" huuliza Lamduan, muuza papai wa jirani.

"Kilima. Hata nyati hawakipandi."

Leo Lamduan alikuta redio imezimwa. Fundi aliposimama, saruni yake mwenyewe, iliyozoea kufagia vumbi, iliishia magotini.

"Dada, na wako pia?"

"Wangu mwembamba," alisema fundi, "lakini nimemkatia mpana."